Kisiwa Tulichokwenda Kuchezea

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya kiangazi. Maji ya Lualaba yalikuwa yamepungua hadi mchanga ukatokeza katikati ya mto, na mimi na rafiki yangu Feruzi tulikuwa tumekaa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, pikipiki yetu imelazwa kati yetu kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Tulikuwa tukiteremka kaskazini, mbele ya Nyangwe, kwenda kwenye kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukikanyaga. Tulikuwa tukicheka.

Kaa vizuri. Nitasema nikiwa na hasira, na usiniambie, "Babu, tulia." Kuna wazee ambao wakikumbuka ujana wao sura zao zinalainika. Mimi yangu inakaza. Mkeo aliponiletea kahawa asubuhi hii aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Nilidanganya. Ninacho, na leo nakitoa.

Feruzi na mimi tulizaliwa upande wa Kabambare, tukaingia jandoni pamoja, tukatoka pamoja, na tulipokuwa vijana tukaondoka pamoja kwenda Kasongo kutafuta kazi. Wakati huo alikuwa akitawala Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, na kijana aliyebaki kijijini alikuwa na jambo moja tu la kungojea: pamba. Kila nyumba ilipimiwa shamba la pamba, upende usipende, na mwenye shamba lenye magugu alilazwa chini mbele ya mke wake na watoto wake akachapwa fimbo ya kiboko. Siku hizi nawasikia watu wanasema, "Lakini wazungu walituletea barabara." Barabara zile zilichimbwa na baba yangu kwa jembe, bila kuulizwa kama anataka barabara. Nisikuchoshe.

Kasongo tulipata kazi kwa Mreno mmoja aliyekuwa na duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa. Feruzi alikaa mbele na wateja, kwa kuwa alijua Kifaransa cha shule ya misheni na ulimi wake ulikuwa mtamu. Mimi nilikaa nyuma, nikitengeneza lori, baiskeli na mashine ya kukoboa mpunga. Huko nyuma kulikuwa na pikipiki ya Mreno. Alianguka nayo kwenye korongo njia ya Kabambare, akavunjika bega, akaapa hataigusa tena. Kuku walikuwa wakitagia chini yake. Siku moja akaniambia, "Kama unaweza kuifufua, ichukueni wewe na rafiki yako." Masika yote nilishinda chini ya ile pikipiki kila nilipomaliza kazi, na Feruzi aliniletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akakaa kando yangu akinichekesha ili nisichoke. Usifikiri hatukupendana. Ningekuwa simpendi nisingekuwa na hasira hii mpaka leo.

Ikawaka. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Jumapili ya kwanza tukapita nayo mbele ya ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, na vumbi letu likamwangukia mke wa mzungu mkubwa, aliyekuwa akitoka kanisani na gauni jeupe. Tukaitwa. Yule mzungu hakupaza sauti. Alisema mtu mweusi haruhusiwi kuendesha chombo kile katika boma wala katika barabara za Bulamatari bila karatasi, na karatasi hiyo yeye hataitia sahihi maisha yake yote. Feruzi aliinama, akasema, "Ndiyo, bwana," kwa sauti ya asali. Tulipofika nyuma ya msikiti alitema mate.

"Nitaiendesha mahali ambapo hakuna bwana," akasema.

Kwa neno lile nilimpenda zaidi. Nilidhani ni neno la mtu anayetaka kuwa huru. Baadaye nilielewa kwamba lina maana mbili, na kwamba yeye alishika ile nyingine.

Habari ya kisiwa aliipata sokoni, kwa wauza samaki. Walisema mbele ya Nyangwe, upande wa kaskazini, kuna kisiwa kirefu chenye uwanda mpana, na wavuvi hawashuki pale. Mreno aliposafiri kwenda Kindu, tukaificha pikipiki ndani ya lori chini ya magunia, maana dereva alikuwa akienda Nyangwe kuchukua mawese. Hapo Nyangwe tukamtafuta Mgenya wa kutuvusha. Wagenya ndio wenye mto, na aliyekuwa na mitumbwi mikubwa alikuwa mzee mmoja aitwaye Mulenda.

Mzee Mulenda alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Kule hapana. Iko mizimu. Hata sisi wenyewe hatuteremukake pale."

"Mizimu inasikia Kifaransa?" Feruzi akamuuliza. "Kama inasikia, mimi nitaongea nayo."

"Mutoto, nimesema hapana."

Feruzi akaacha kucheka. Akamwambia kwamba bwana wetu ndiye anayenunua mawese na samaki wa Nyangwe yote, na akisikia kuna Mgenya aliyewakatalia watu wake, basi Mgenya huyo atatafuta mtu mwingine wa kumuuzia. Mreno hakumtuma kusema hivyo. Hata hakujua tuko Nyangwe. Mzee Mulenda alimtazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua kafi lake. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa na macho mawili mazima, lakini yalikuwa yakitazama pikipiki.

Tulifika jua likiwa juu. Mzee Mulenda alitushusha kwenye mchanga, akakataa kutoka mtumbwini, akasema atatungoja hapo hapo. Tukaisukuma pikipiki hadi kwenye majani, nikaiwasha, na mwanangu, nilifurahi. Sitakuficha. Uwanda ule ulikuwa mpana, majani yamechomwa na mapya yanaanza kuota, hakuna shimo, hakuna kizuizi, hakuna askari wa kuinua mkono. Feruzi alikaa nyuma yangu akiimba kwa kelele. Alikuwa amevaa kofia ngumu nyeupe ya Mreno, aliyoichukua dukani bila kuomba, na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi, nayo ya Mreno. Tulizunguka, tukabadilishana, yeye mbele mimi nyuma, tukazunguka tena. Ndege walikimbia, na sisi tulijiona wafalme. Sikujiuliza ni nani aliyechoma majani yale. Majani hayajichomi yenyewe.

Mwisho wa uwanda kulikuwa na safu ya michikichi. Feruzi ndiye aliyekuwa akiendesha, akapita katikati yake bila kupunguza mwendo, na tukatokea kijijini.

Ndiyo, kijiji. Vibanda vya majani, vidogo, vimejengwa chini chini ili visionekane kutoka mtoni. Mihogo, mahindi, ndizi. Mioto ilikuwa ikiwaka, na chungu cha sombe kilikuwa kinatokota jikoni bila mtu wa kukikoroga. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, unga umemwagika, na nyayo zilikuwa zimekanyaga ule unga kwenda upande mmoja, upande wa maji. Watu wote walikuwa wamekimbia. Walisikia mngurumo wetu, nao walijua sauti ile ni ya nani: ni mzungu pekee anayekuja na chombo cha moto.

Aliyebaki alikuwa mwanamke mmoja mzee, amekaa mlangoni pa kibanda, miguu imenyooshwa. Magoti yake yalikuwa yamevimba, hakuweza kukimbia. Feruzi alipozima injini, yule mama alisema bila kutetemeka, "Kama ni pamba, mikono yangu imekwisha. Munibebe tu, mimi sitembei."

Kiswahili chake kilikuwa na uzito ninaoujua. Nikamjibu kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwamba sisi si watu wa pamba. Akageuza kichwa haraka.

"Wewe mutoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, nikamtajia kijiji chetu na mto wetu, Luama. Kisha akasema jina lake ni Sangwa, na kwamba alizaliwa vijiji viwili tu kutoka kwetu. Mwanawe wa kwanza alichapwa kwa sababu ya shamba lililoota magugu wakati yeye mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa, na hakuinuka tena. Baada ya kumzika, ndugu na jirani walifunga mizigo wakatembea porini mpaka Lualaba, na Wagenya wakawavusha, wakawaficha, na wao ndio waliotangaza habari ya mizimu ili mtu asije. "Basi wewe uko mutoto wetu," akaniambia, na hakulisema kama karibisho.

Hapo ndipo tuliposikia kilio kutoka mtoni. Nikakimbia. Mwanamke kijana alikuwa amejitupa majini na mtoto wake mgongoni, akashika mizizi ya ukingoni, na maji yakamzidi. Wanaume wawili walikuwa wakimvuta. Walinitazama wakaona mtu wa Bulamatari, lakini hawakumwachia. Nikaingia majini nikamfungua mtoto kutoka mgongoni, na mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa. Mmoja wa wanaume akamshika miguu akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja. Maji yakamtoka puani. Tukangoja. Yule mama hakulia, alikuwa ameuma ngumi yake. Ndipo mtoto akakohoa.

Nilirudi kijijini nimelowa kumwambia Feruzi kwamba nusura tuue. Nikamkuta amekaa kwenye kiti.

Mwanangu, hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na umri wake sasa ni mkubwa kuliko wa baba yako. Wanaume wengine walikuwa wametoka vichakani, kwa kuwa waliona hakuna bunduki. Na walipomwona mtu mwenye kofia nyeupe na miwani, wakafanya walivyofundishwa na fimbo: wakasimama mstari, mikono imebanwa ubavuni. Hakuna aliyewaamuru. Feruzi aliwaona, na badala ya kuvua ile kofia, aliinyoosha vizuri kichwani. Akaagiza kiti. Akaagiza kuku. Nilipofika alikuwa akitembea mbele ya mstari, mikono nyuma, tumbo mbele, akiuliza kwa ile sauti ya mzungu wa teritware, "Wangapi hapa wanalipa kodi? Shamba la pamba iko wapi?"

"Feruzi, acha," nikamwambia.

Akanikonyeza. "Ni muchezo tu. Ona wanavyosimama."

"Mtoto amekaribia kufa kule mtoni."

"Si hajakufa?"

Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha. Katika ule mstari kulikuwa na mwanamume mrefu, mwenye makovu mabegani, ambaye hakutazama chini kama wenzake. Alimtazama Feruzi machoni, na nadhani alianza kuona kwamba chini ya miwani kuna kijana mweusi kama yeye. Feruzi naye aliona kwamba ameonekana. Akampiga kofi. Sauti ile naisikia hata sasa, na sauti ya kuku aliyekuwa ameshikwa miguu akingoja kuchinjwa kwa ajili yetu. Yule mwanamume hakurudisha. Alishusha macho.

Niliiendea pikipiki, nikafungua buji, kile kipande kidogo kinachotoa cheche, ambacho bila yake injini ni chuma tu, nikatembea mpaka ukingoni nikakitupa katikati ya Lualaba kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimeitafuta buji ile kwa miezi. Niliporudi, Feruzi akanirukia. Tukapigana pale mbele ya watu, tukagaagaa kwenye unga uliomwagika, kofia ikamtoka na miwani ikavunjika, na wale watu wa mstari wakaona vizuri ni nani waliyekuwa wakimsimamia. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetuamua. Nilimpiga mpaka akasema basi.

Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Nilimwendea Bibi Sangwa nikihema, damu mdomoni, nikapiga magoti, nikitegemea ataniambia ahsante, mwanangu, wewe ni mtu wa kwetu kweli. Nilitegemea baraka. Yule mama alinitazama kwa macho makavu.

"Umemaliza?" akaniuliza kwa Kibangubangu.

"Nimemaliza, bibi. Sitamruhusu tena."

"Umezima chombo chake. Kinywa chake umekizima?"

Nikageuka nikamtazama Feruzi, aliyekuwa akijifuta unga usoni.

"Umekuja kwetu na rafiki yako kucheza mahali tunapolia," akasema. "Halafu umekasirika, umepigana, na sasa moyo wako umeridhika, unataka nikusifu. Hasira yako imekutumikia wewe. Sisi imetupa nini? Huyu atarudi Kasongo na aibu. Mtu mwenye aibu husema. Atakaposema, hiyo hasira yako itakuwa wapi? Itakuwa imelala, imeshiba. Ondoka mbele yangu, na usilale."

Hakuna mtu aliyewahi kunisema namna ile, si baba yangu, si mwalimu, si mzungu. Nilitaka kumjibu kwamba ninaonewa. Niliinuka nikiwa na hasira mpya, na hii ya pili ilikuwa ya kumkasirikia yeye, bibi wa watu asiyeweza hata kusimama. Ilinichukua njia nzima ya kurudi kujua kwamba hasira hii ya pili ilikuwa ni ukweli uliokuwa unanichoma.

Mzee Mulenda alituvusha. Feruzi alikaa mbele, akinipa mgongo. Pikipiki tuliiacha Nyangwe. Kikulacho ki nguoni mwako: yule niliyeingia naye jandoni alikaa mbele yangu, na mimi nilikuwa nikitazama kisogo chake kama kisogo cha mgeni.

Kasongo nilifanya kama nilivyoambiwa. Sikulala, kwa maana ya bibi. Niliweka macho na masikio. Haikuchukua muda mrefu. Mke wa askari mmoja, mwanamke wa kwetu Kabambare aliyekuwa akinunua mafuta ya taa dukani, aliniambia huku akifunga chupa yake, "Rafiki yako amepata mapenzi ya wazungu. Tangu asubuhi iko barazani kwa mukubwa, wanamupa hata kiti. Mume wangu anafunga mukoba, anasema kesho wanaenda Nyangwe, kuko watu wanakimbiaka kodi kwenye kisiwa."

Nilimshukuru. Nikamjazia hata yale mafuta kidogo aliyoyamwaga. Kisha nikachukua baiskeli ya Mreno ambayo nilikuwa nimemaliza kuitengeneza, nikatoka mlango wa nyuma. Sikuwa na karatasi ya kusafiri, na baiskeli haikuwa yangu. Nilikanyaga. Hakuna adhuhuri ndefu kama ile. Kila mlima niliusukuma nikimtukana Feruzi, kila mteremko nikimtukana mzungu, na nilipokosa wa kumtukana nikaitukana baiskeli. Lakini safari hii hasira haikukaa kwenye ngumi. Ilikuwa miguuni, na miguu haikuchoka.

Nilimwambia Mzee Mulenda kwamba askari wanakuja. Aliita wanawe, wakachukua mitumbwi yote waliyokuwa nayo, tukateremka. Kisiwani hakuna aliyekimbia mara hii, kwa kuwa tulikuja na ukimya. Niliwaambia kwa maneno machache. Yule mwanamume mrefu wa makovu, aliyepigwa kofi, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alisikiliza, akageuka, akaanza kutoa amri kwa sauti ya chini, na kabla jua halijagusa miti walikuwa wameng'oa mihogo waliyoweza kubeba, wamezima mioto, wamefunga kuku. Bibi Sangwa walimbeba juu ya mlango wa kibanda chake. Alipopita karibu yangu alinyoosha mkono akanishika kichwa, kwa nguvu, kama mtu anayepima kama kibuyu kimekauka. Wakavuka upande wa magharibi, wakaingia msituni. Sikuwaona tena mpaka leo, na sikuuliza, na yeyote aliyewajua hakuniambia. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Askari walifika wakakuta vibanda vitupu. Walivichoma, wakafyeka ndizi, wakatoboa vyungu. Mimi walinikamata Nyangwe na matope ya kisiwa miguuni. Mzungu mkubwa aliniuliza wale watu wamekwenda wapi, mara ya kwanza kwa upole, na mara nyingine si kwa upole. Nilichapwa katika uwanja wa boma, watu wameitwa kutazama. Feruzi alikuwa pale, amesimama upande wa wazungu, amevaa viatu vipya, yeye ndiye aliyekuwa akinitafsiria maswali niliyoyaelewa vizuri sana. "Sema tu, ndugu yangu," akaniambia kwa Kibangubangu, ili wasisikie. "Sema, watakuacha."

Nilimjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Mimi nilienda kuvua samaki."

Wakaongeza. Kisha nikatupwa boloko, gereza lile la nyuma ya ofisi, nikakaa humo mpaka mvua zikaja zikaenda. Mgongo wangu umeuona. Ulipokuwa mdogo uliniuliza nani alichora, na bibi yako akakuambia ni miiba. Si miiba.

Feruzi alifanywa kapita wa pamba, akawa anazunguka vijijini kuandikisha mashamba ya watu. Uhuru ulipokuja alivua viatu vile akavaa vingine, akawa mwanasiasa, akapiga kelele "Uhuru" kuliko sisi tuliochapwa. Miaka mingi baadaye alinijia msikitini hapa Kasongo, mvi kichwani, akanishika mkono akasema, "Ndugu yangu, tulikuwa watoto."

Nilimwambia, "Tulikuwa na ndevu."

Wazee wa msikiti walinisihi. Yaliyopita si ndwele, wakasema, hasira hasara. Salamu yake niliijibu, kwa kuwa salamu ni amri ya Mungu. Kikombe chake sikukinywa. Alipokufa nilikwenda, nikabeba jeneza pamoja na wengine mpaka kaburini, nikamtupia udongo wangu, nikamwombea. Kisha nikarudi nyumbani nikiwa bado na hasira. Usidhani mambo hayo mawili hayakai pamoja katika kifua kimoja. Yanakaa.

Sasa nisikilize, maana sikukuita kwa ajili ya Feruzi. Nilikuita kwa ajili yako. Wewe una moto yako, yaani pikipiki, unabeba abiria kati ya hapa na Kabambare, unaingia vijiji ambavyo gari halifiki, unaona mengi. Juzi niliketi nyuma ya ukuta wa jirani nikakusikia ukiwachekesha wenzako, ukieleza ni familia gani zilizokimbia vita zimejificha katika shamba la nani, na jinsi mama mmoja alivyoangusha mtungi wake aliposikia injini yako. Mlicheka sana. Nikatoka pale nikashindwa kula.

Nasaha yangu ni hii. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiona mahali watu wamejificha, umeona siri iliyobebwa na damu ya watu. Imeze, ufe nayo. Zima injini kabla hujafika, ushuke, utembee kwa miguu, upige hodi. Ukiona mtu anakuogopa, usifurahie, hata kwa dakika moja, hata kwa mzaha. Mwambie haraka wewe ni nani na ukoo wako, mpaka mabega yake yashuke. Ukimwona rafiki yako anavaa kofia ya wale wanaokunyanyasa na inamkaa vizuri, mvue siku hiyo hiyo, na kama hakubali, umjue.

Na watakuambia usikasirike. Mimi sikuambii hivyo. Dunia hii ina mambo ambayo mtu asipoyakasirikia amekwisha kufa, bado kuzikwa tu. Kasirika. Lakini usiitie hasira yako kwenye ngumi ukashiba, ukalala. Iulize: nani amehatarishwa, na yuko wapi, na mimi naweza kumfikia kabla hawajamfikia? Ikikujibu, inuka uende, hata kwa baiskeli isiyo yako.

Kesho utakwenda kwenye lile shamba, peke yako, ukawaambie wale watu kwamba habari zao zimetoka, na ni wewe uliyezitoa, na utawabeba wao na mizigo yao mpaka watakapotaka, bila malipo. Usiniletee udhuru.

Sogea, nikuwekee mkono. Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi. Akupe rafiki atakayeona haya mbele ya mnyonge. Wanaokimbia wakikusikia unakuja, Mungu awape moyo wa kubaki, na wasijute kubaki. Nenda.